Kutoka Kiti cha Mkurugenzi hadi Siasa za Taifa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanawahusu wakurugenzi watendaji, mameneja wakuu na wenye makampuni wanaofikiria ubunge, uwaziri au urais. Yamejikita Tanzania na Kenya, na nchi nyingine zinatajwa pale tu zinapofundisha kitu. Sheria za uchaguzi hurekebishwa karibu kila baada ya miaka mitano, kwa hiyo kabla ya kusaini chochote soma toleo la mwaka huo.

Je, ni lazima nigombee jimbo ndipo niwe waziri?

Inategemea uko upande gani wa mpaka wa Namanga.

Tanzania, Ibara ya 55 ya Katiba inasema mawaziri na naibu mawaziri wote wanateuliwa kutoka miongoni mwa wabunge. Mkurugenzi asiye mbunge hawezi kuapishwa kuwa waziri, hata kama Rais anamtaka kwa hali na mali. Mlango wa pembeni ni Ibara ya 66, inayompa Rais nafasi za kuteua wabunge wasiozidi 10. Baada ya uchaguzi wa 2015 mchumi Philip Mpango aliteuliwa kuwa mbunge kwa njia hiyo, kisha akakabidhiwa Wizara ya Fedha. Lakini nafasi 10 ni chache, zinagombaniwa na makundi mengi, na huwezi kuziombea kwa barua. Anayepanga maisha yake kwa kutegemea uteuzi hana mpango.

Kenya ni kinyume kabisa. Ibara ya 152 inataka waziri asiwe mbunge, ndiyo maana wakuu wa makampuni huingia Baraza la Mawaziri bila kupiga kampeni hata siku moja. Adan Mohamed alitoka Barclays 2013, Joe Mucheru akatoka Google 2015, na Rebecca Miano akatoka KenGen 2022. Ubaya wake ni kwamba waziri wa aina hiyo hana wapiga kura wake. Rais akiamka vibaya, hakuna jimbo litakalomlilia.

Kupigwa msasa na Bunge la Kenya kunahusu nini hasa?

Jina la aliyeteuliwa kuwa waziri likishafika Bunge la Kitaifa, kamati ina siku 28 kumaliza kazi. Wananchi wanaalikwa kupeleka pingamizi kwa maandishi na kiapo, kisha unahojiwa hadharani, mbele ya kamera.

Andaa mapema vyeti vitano ambavyo kila Mkenya aliyewahi kuomba kazi ya umma anavijua: cha kodi kutoka KRA, cha mkopo wa elimu kutoka HELB, cha tabia njema kutoka DCI (idara ya upelelezi), cha historia ya mikopo kutoka CRB, na fomu ya kujitangaza ya EACC (tume ya maadili na kupambana na ufisadi). Kwa mtu wa kampuni kubwa, kinachosumbua zaidi ni kile cha KRA. Mapato ya marupurupu ya hisa, nyumba za kupangisha na ada za vikao vya bodi mara nyingi hayakutangazwa yote, na deni la kodi la miaka sita iliyopita huibuka wiki ile ile ya mahojiano.

Utaulizwa thamani ya mali yako. Taja namba moja na ueleze imeundwa na nini: nyumba, hisa, ardhi, akiba ya uzeeni. Anayejibu kwa kukadiria huonekana anaficha, hata kama ni msafi.

Niache kazi lini?

Kama uko sekta binafsi, hakuna sheria Tanzania wala Kenya inayokulazimisha kujiuzulu ili kutia nia. Kinachokubana ni mkataba wako wa ajira na kanuni za soko la hisa. Kama ni shirika la umma, mambo hubadilika. Kenya, afisa wa umma anayetaka kugombea lazima ajiuzulu angalau miezi sita kabla ya uchaguzi. Mwaka 2022 siku ya mwisho ilikuwa Februari 9, kwa uchaguzi wa Agosti 9. Uchaguzi ujao ni Agosti 10, 2027, kwa hiyo mkuu wa shirika la serikali ahesabu nyuma kutoka hapo.

Mpangilio unaoepusha balaa ni huu. Kwanza mwambie mwenyekiti wa bodi, ana kwa ana, kabla hujamwambia kiongozi yeyote wa chama. Pili, bodi ianze kutafuta mrithi. Kwa benki hili huchukua muda, maana mkurugenzi mpya lazima aidhinishwe na Benki Kuu. Tatu, kama kampuni imeorodheshwa Dar es Salaam au Nairobi, taarifa ya kuondoka itolewe sokoni kwanza, kisha magazetini. Baada ya hapo ndipo uonekane kwenye mkutano wa chama.

Wengi hugeuza mpangilio huu. Picha inavuja mkurugenzi akiwa amevaa kofia ya chama, wateja wa upande wa pili wanahamisha akaunti, bodi inakasirika na kukuondoa kwa masharti yao. Unapoteza kiinua mgongo na bado hujapata tiketi.

Dk. Charles Kimei alifuata njia ya polepole. Aliiongoza benki ya CRDB kwa takriban miaka 20 kuanzia 1998, akastaafu na kukabidhi kiti, na ndipo 2020 akagombea ubunge wa Vunjo kupitia CCM na kushinda. Hakuna aliyeweza kusema anafanya kampeni kwa muhuri wa benki.

Na makaratasi ya kujitoa kwenye kampuni?

Barua ya kujiuzulu haitoshi. Jina lako lazima lifutwe kwenye orodha ya wakurugenzi BRELA, wakala wa usajili wa makampuni Tanzania, kupitia mfumo wake wa mtandaoni wa ORS, au kwa msajili wa makampuni kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa Kenya. Sheria za nchi zote mbili zinaipa kampuni siku 14 kutoa taarifa ya mabadiliko ya wakurugenzi. Usiwaachie wao. Baada ya mwezi chukua nakala ya taarifa za kampuni, ulipie ada yake, na uhakikishe jina halipo. Pitia pia kampuni tanzu na zile ndogo mlizofungua kwa ajili ya mradi mmoja na kuzisahau. Mwandishi wa habari atazikuta kabla yako.

Kisha kuna saini za benki na dhamana binafsi. Wakurugenzi wengi wamedhamini mikopo ya kampuni kwa majina yao, na dhamana haifi kwa sababu umeacha kazi. Inakufa benki ikikupa barua ya kukuachilia. Kampuni ikishindwa kulipa miaka miwili baadaye, notisi ya mnada itabandikwa kwenye nyumba ya mheshimiwa.

Hisa zangu nizifanyeje?

Zamani swali hili lilikuwa na jibu fupi. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni yoyote, kuwa mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, kupokea mishahara miwili au kuwa na nyumba ya kupangisha. Azimio la Zanzibar la 1991 lililegeza masharti hayo, na tangu Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995 msisitizo umekuwa kutangaza mali na kuepuka mgongano wa maslahi. Kumiliki si kosa tena. Kosa ni kuficha, au kukaa kwenye kikao kinachoamua jambo la kampuni yako ukanyamaza.

Una njia tatu. Ya kwanza ni kuuza zote. Ni safi, lakini inaumiza kama bei iko chini, na kama hisa ni za kampuni isiyo sokoni mnunuzi anaweza kuwa ndugu au mshirika wako, jambo ambalo halimdanganyi mtu. Ya pili ni kuziweka chini ya mdhamini huru anayeziuza na kuzinunua bila kukuarifu. Ya tatu ni kubaki nazo na kujitoa kila suala lao linapofika mezani.

Njia ya pili inasifiwa kuliko inavyostahili. Chukua Mark Carney wa Kanada. Alikuwa mwenyekiti wa Brookfield Asset Management, akaondoka Januari 2025, akawa Waziri Mkuu Machi mwaka huo kabla hajawahi kuchaguliwa popote, na kushinda kiti cha ubunge cha Nepean mwezi uliofuata. Mali zake alizikabidhi kwa mdhamini. Hata hivyo, Julai 2025 ilitoka hadharani orodha ya makampuni zaidi ya 100 ambayo lazima ajiweke kando nayo. Sababu ni rahisi: mtu anajua alichokiweka ndani ya sanduku siku alipolifunga. Mpaka mdhamini aviuze, siri ni ya jina tu.

Angalia pia hisa ulizoahidiwa ambazo hazijafika mkononi. Rex Tillerson alipotoka ExxonMobil kuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani 2017, alikuwa akiidai kampuni hisa zaidi ya milioni 2 ambazo zingelipwa kwa miaka mingi. Zilibadilishwa kuwa fedha, karibu dola milioni 180, chini ya amana huru, ili asiwe waziri anayenufaika bei ya mafuta ikipanda. Machi 2018 alifutwa kazi. Kwa kiwango cha kwetu hesabu ni ndogo, ila kanuni ni ile ile: bonasi ya mwaka jana inayolipwa mwaka ujao ilipwe yote kabla ya kiapo, au iachwe. Kupokea fedha kutoka kwa kampuni ya simu ukiwa waziri wa mawasiliano hakuna maelezo yanayoweza kukuokoa.

Tamko la mali linajazwaje?

Tanzania, fomu inakwenda Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma ndani ya siku 30 baada ya kushika wadhifa, kisha kila mwisho wa mwaka kabla ya Desemba 31 kwisha, na tena unapoondoka. Inajumuisha mali za mwenza wako na za watoto wenye umri usiozidi miaka 18 ambao hawajaoa wala kuolewa. Kenya ina Sheria ya Mgongano wa Maslahi iliyotiwa saini Julai 2025, na Katiba yenyewe, Ibara ya 76, inamzuia afisa wa taifa kuwa na akaunti ya benki nje ya nchi isipokuwa kwa utaratibu wa sheria. Mtu wa biashara mwenye akaunti London au Dubai aanze na hilo.

Hitilafu kubwa hutokea kwenye madeni. Watu huorodhesha mashamba na magari, wakasahau mikopo, dhamana, na ardhi iliyo kwa jina la marehemu baba. Weka kila kitu. Mali iliyotajwa ikizidi haileti kesi.

Naweza kugombea bila chama?

Tanzania, hapana. Ibara za 39 na 67 zinataka mgombea awe mwanachama aliyependekezwa na chama, na hali ni hiyo ingawa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iliamua 2013, katika shauri la Mchungaji Mtikila, kwamba zuio hilo linakiuka haki. Ibara hizo zina kifungu kingine ambacho mfanyabiashara akisome mara mbili: aliyetiwa hatiani kwa kukwepa kodi ya Serikali ndani ya miaka mitano kabla ya uchaguzi hana sifa.

Kenya inaruhusu mgombea huru. Kwa Bunge la Kitaifa unahitaji wapiga kura 1,000 wa eneo bunge wanaokuunga mkono, na 2,000 kwa Seneti. Urais unataka angalau 2,000 kutoka kila kaunti katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani kaunti 24, hivyo si chini ya sahihi 48,000. Sharti linaloangusha wengi ni la kutokuwa mwanachama wa chama chochote kwa miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Ingia eCitizen uangalie. Wakenya wengi waligundua 2021 kwamba wamesajiliwa kwenye vyama wasivyowahi kuvisikia. Ukijikuta humo, jiondoe na uhifadhi uthibitisho.

Kuchagua chama cha kugombea nacho kuna hatari yake. Mwaka 2025 Chadema ilizuiwa kushiriki uchaguzi wa Tanzania baada ya kukataa kusaini kanuni za maadili ya uchaguzi, na watia nia wake wote wakabaki nje bila kujali ubora wao. Kwa upande mwingine, Peter Kenneth, aliyewahi kuongoza Kenya Re na kuwa mbunge wa Gatanga, aliwania urais 2013 kwa chama kidogo na hakufikisha asilimia 1 ya kura. Sifa zake za uongozi hazikuwa na doa. Hakuwa na mtandao.

Kura za maoni ndani ya chama zinafanyikaje, na kwa nini wakuu wa makampuni huanguka hapo?

Kwa CCM, kuchukua fomu ndiyo sehemu rahisi. Baada ya hapo kuna wajumbe, na kura zako za kwanza ziko mikononi mwao. Utaratibu hubadilika: 2015 walipiga wanachama wote, 2020 ukarudi kwa wajumbe wa mkutano mkuu wa jimbo, na 2025 Kamati Kuu ilichuja majina kwanza ndipo yakarudi kwa wajumbe walioongezwa idadi. Kitu kimoja hakibadiliki: neno la mwisho ni la vikao vya juu vya chama. Anayeongoza kura za maoni anaweza kukatwa, na wa pili au wa tatu akapeperusha bendera.

Mtu wa kampuni amezoea kikao cha watu 12 wenye makabrasha. Hapa anakuta katibu wa kata, wenyeviti wa matawi, mabalozi wa mashina, akina mama wa UWT, vijana wa UVCCM, na kila mmoja anakumbuka nani alikuja msibani na nani alituma rambirambi kwa simu. Ndiyo maana msemo wa 2020, "wajumbe si watu", ulienea: mtu aliyeahidiwa kura 200 alihesabiwa 6. Kuahidiwa na kupigiwa ni mambo mawili. Njia pekee ya kupima ni kuwa na mtu wako katika kila kata anayekueleza ukweli usiopendeza, tena aliyekuwepo miaka miwili kabla ya fomu kutoka. Aliyewasili jimboni na gari lenye vumbi la wiki moja anafahamika hata kabla hajashuka.

Nitumie fedha kiasi gani?

Usianze na jumla. Anza na mawakala. Kenya, kituo cha kupigia kura hakizidi wapiga kura 700. Eneo bunge lenye wapiga kura 70,000 lina angalau vituo 100, na kiuhalisia huzidi. Kila kituo weka wakala mmoja na wa akiba, kwa hiyo watu 200 wa kufunzwa, kuapishwa, kulishwa, kusafirishwa na kulipwa siku hiyo hiyo. Wakala akikimbia saa tisa usiku kabla ya kupata nakala ya Fomu 35A, yaani fomu ya matokeo ya kituo, hutakuwa na ushahidi wa kituo hicho, na muda wa kufungua kesi ni siku 28 tu. Wagombea matajiri humaliza fedha kwenye mabango na fulana, wakafika siku ya kura na mawakala wa kuokota.

Baada ya mawakala weka mafuta, vipaza sauti, wanasheria wawili, na akiba ya wiki mbili za mwisho, maana hapo kila kitu hupanda bei.

Tanzania ina Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010, yenye viwango vya juu kwa kila jimbo na wajibu wa kuwasilisha hesabu. Weka akaunti moja, mhasibu mmoja, risiti zote. Hapa angalau mtu wa kampuni yuko nyumbani. Kenya ilitunga sheria ya fedha za kampeni 2013, lakini utekelezaji wake umekuwa ukisukumwa mbele.

Na fedha hazitoshi. Meg Whitman, aliyekuwa mkuu wa eBay, alimwaga zaidi ya dola milioni 140 za mfukoni mwake kuwania ugavana wa California 2010 na akashindwa na Jerry Brown. Wakenya wanamfahamu kwa kazi nyingine: alikuwa balozi wa Marekani Nairobi 2022 hadi 2024.

Takrima je?

Mahakama Kuu ya Tanzania ilifuta mwaka 2006 vifungu vilivyoruhusu takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura. Kinachobaki ni rushwa, na maofisa wa TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa, huwa wanakaa nyuma ya ukumbi wakati wa kura za maoni. Tatizo la mkurugenzi ni mfuko wa misaada ya jamii wa kampuni. Kisima kilichochimbwa miaka mitatu kabla kwa jina la kampuni ni kisima. Kikizinduliwa na wewe mwezi wa kutia nia, ni kielelezo mahakamani. Magari ya kampuni, madereva na maofisa habari wake usiwaguse kabisa.

Siku ya kurudisha fomu ya uteuzi, nini humwangusha mgombea?

Vitu vidogo. Tanzania, mgombea ubunge anahitaji wadhamini wasiopungua 25 waliojiandikisha jimboni humo. Mgombea urais anahitaji 200 katika kila mkoa, kwa mikoa isiyopungua 10, miwili kati yake ikiwa Zanzibar. Tafuta wadhamini 40 badala ya 25, maana daima kuna namba ya kadi iliyokosewa, aliyehamia jimbo jingine, au aliyemdhamini na mpinzani wako. Majina yako yafanane herufi kwa herufi na ya daftari la wapiga kura. Kama kwenye kampuni unajulikana kwa jina la kati, liache huko. Kamilisha kiapo kwa hakimu siku mbili kabla, na usirudishe fomu alasiri ya mwisho.

Nikiwa waziri, nitakuwa na mamlaka kama niliyokuwa nayo?

Hapana, na hapa ndipo wengi huvunjika moyo. Tanzania, Afisa Masuhuli wa wizara ni Katibu Mkuu. Yeye ndiye anayeidhinisha malipo na kujibu hoja za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali. Waziri anatoa mwelekeo wa sera na kuutetea bungeni. Huwezi kumfukuza mkurugenzi wa idara kwa barua ya asubuhi, huwezi kuhamisha fungu kwa sababu umepata wazo zuri, na manunuzi yanapita kwenye mfumo na muda wake. Bajeti inaanza Julai 1. Ukiteuliwa Novemba, unatekeleza bajeti ya mwingine kwa miezi minane.

Usidhani pia kwamba ujuzi wa kampuni unakupeleka uwaziri moja kwa moja. Kimei hakupewa wizara baada ya ushindi wa 2020. Aliyeongoza benki kubwa alikaa viti vya nyuma akiulizia barabara, maji na umeme wa Vunjo, kama mbunge mwingine yeyote.

Nimeishi nje na nina pasipoti ya pili. Itakuwaje?

Tanzania haitambui uraia pacha kwa mtu mzima. Ukichukua wa nje, umeupoteza wa nyumbani, na ubunge haupo. Kenya inaruhusu uraia pacha kwa raia wa kawaida, lakini Ibara ya 78 inamkataza afisa wa taifa. Anza kuukana mapema, maana balozi za nje huchukua miezi kutoa cheti.

Hata aliye na karatasi safi atarajie hoja hii. Moïse Katumbi, aliyejenga kampuni ya huduma za migodi Katanga kisha akawa gavana wa jimbo hilo 2007 hadi 2015, alizuiwa kuingia Congo kupitia Kasumbalesa Agosti 2018 na hakuweza kugombea. Mwaka 2023 alipelekwa mahakamani kwa sababu ya uraia wake, akashinda pingamizi, na kumaliza wa pili katika urais kwa takriban asilimia 18.

Nikishindwa, au nikichoka, naweza kurudi kwenye biashara?

Mwenye kampuni yake anarudi kirahisi. Mohammed Dewji alikuwa mbunge wa Singida Mjini 2005 hadi 2015, hakugombea tena, na akaendelea na MeTL. Aliyeajiriwa ana kazi zaidi. Benki zitakuweka kwenye kundi la watu wenye nyadhifa za kisiasa, wewe na familia yako, na kila uhamisho mkubwa utaulizwa chanzo chake. Bodi nyingine zitasita kwa sababu ya rangi za chama ulizovaa. Kabla hujaondoka, omba bima ya wakurugenzi iendelee kukulinda dhidi ya madai ya maamuzi ya zamani, na upate barua ya bodi inayoeleza umeondoka lini na kwa masharti gani. Nakala tatu: moja kwa wakili, moja nyumbani, moja nje ya jimbo.